Daftari la Pamoja: Marekebisho Yapi Yatangulie?

Somo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi vya Kibaha na Kisarawe

LENGO LA SOMO

Baada ya kulisoma somo hili na kulijadili katika kikundi, mwanachama aweze: (a) kueleza daftari la pamoja ni kitu gani na linamhusu vipi, (b) kutenganisha marekebisho yanayolinda haki ya mkulima na yale yanayorahisisha kazi tu, (c) kushiriki katika kuandika ombi la marekebisho ambalo mafundi wanaweza kulitekeleza.

1. DAFTARI NA MSTARI WA MKULIMA

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo unakihusu chama cha ushirika kuliko mfanyabiashara mmoja mmoja, kwa sababu katika ushirika mali ya watu wengi hukaa mahali pamoja.

Mkulima aletapo korosho kwenye ghala la chama cha msingi, mzigo wake hupimwa, naye hupewa stakabadhi. Kisha korosho zake huchanganywa na za wenzake. Tangu saa hiyo hawezi tena kulinyooshea kidole gunia na kusema, "Hili ni langu." Kilichobaki mkononi mwake ni karatasi, kilichobaki chamani ni mstari mmoja katika daftari. Korosho zitapelekwa ghala kuu, zitapangwa kwa madaraja, zitauzwa mnadani, na fedha zitarudi kwa njia ya benki. Katika safari yote hiyo mkulima huwakilishwa na ule mstari mmoja. Sheria ya Stakabadhi za Ghala, Namba 10 ya mwaka 2005, ndiyo iliyoweka msingi wa utaratibu huu, na kwa zao la korosho ulianza kutumika Mtwara katika msimu wa 2007/2008 kabla ya kuenea katika mikoa mingine.

Zamani daftari lilikuwa moja, la karatasi, juu ya meza ya katibu. Aliyetaka kulisoma alilifuata lilipo. Siku hizi vipo vyama vinavyoandika takwimu hizo katika jedwali la kompyuta ambalo watu kadhaa huweza kulifungua kwa wakati mmoja: karani wa mizani kwa simu yake, katibu kwa kompyuta ya ofisi, na mhasibu akiwa mjini. Hilo ndilo linaloitwa daftari la pamoja katika somo hili. Lisichanganywe na Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, ambao ni mfumo rasmi wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Daftari la pamoja ni la kazi za kila siku. Humo ndimo takwimu huzaliwa kabla hazijawa taarifa rasmi.

Wazo lenyewe si geni duniani. Tarehe 9 Desemba 1968 mtaalamu wa Marekani, Douglas Engelbart, aliwaonyesha watu waliokusanyika San Francisco jinsi yeye na mwenzake, aliyekuwa Menlo Park, walivyoweza kufanya kazi juu ya andiko moja kwa wakati mmoja, kila mtu akitazama kioo chake. Mwaka 2005 ikatokea programu iliyoitwa Writely, iliyowawezesha watu kuandika pamoja kwa njia ya intaneti; mwaka 2006 kampuni ya Google iliinunua, na kutokana nayo ikakua Google Docs. Mwaka 2008 ikaja Etherpad, ambayo ilimpa kila mwandishi rangi yake, hata msomaji akaweza kuona kwa jicho nani ameandika nini.

Kwa Mkoa wa Pwani faida ya chombo cha namna hii ni dhahiri. Kibaha na Kisarawe ni wilaya zinazopakana, walakini msafiri anayetoka makao ya moja kwenda makao ya nyingine aghalabu hupitia Dar es Salaam. Karani aliye Maneromango na mhasibu aliye Kibaha wakitaka kukutana juu ya karatasi moja, siku ya kazi imekwisha. Daftari la pamoja huwakutanisha bila nauli. Lakini chombo kinachoruhusu mikono mingi kuandika huruhusu pia mikono mingi kufuta. Hapo ndipo haja ya marekebisho inapoanzia.

2. MFANO: JUMLA ISIYO NA KASORO

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kufundishia. Katika chama kimoja cha msingi chenye vituo vitatu vya kupimia, daftari la siku moja lilisomeka hivi:

Mwanachama Na. 31: kilo 142
Mwanachama Na. 32: kilo 68
Mwanachama Na. 33: kilo 205
Jumla: kilo 415

Jioni karani mmoja alitaka kuona nani ameleta mzigo mdogo na nani mkubwa. Akaigusa safu ya kilo peke yake, akaiamuru ijipange kutoka tarakimu ndogo kwenda kubwa. Programu ilionyesha onyo kwa Kiingereza, kwamba safu za jirani hazitasogea pamoja na hiyo. Karani hakulielewa onyo, akabonyeza ili liondoke. Daftari likawa hivi:

Mwanachama Na. 31: kilo 68
Mwanachama Na. 32: kilo 142
Mwanachama Na. 33: kilo 205
Jumla: kilo 415

Msomaji aitazame jumla. Haikubadilika hata kilo moja. Katibu akiilinganisha na uzito uliopokelewa ghalani ataona mambo yamenyooka. Mhasibu akihesabu upya atapata 415. Hakuna gunia lililoibiwa, wala hakuna aliyekusudia ubaya. Hata hivyo, ikiwa malipo ya mwisho kwa kilo ni, kwa mfano, shilingi 2,000, mwanachama namba 31 amepungukiwa kilo 74, sawa na shilingi 148,000. Kiasi hicho hicho kimeingia katika akaunti ya mwanachama namba 32, ambaye pengine amekwisha kulipia ada ya shule.

Wiki kadhaa baadaye mwanachama namba 31 anafika ofisini na stakabadhi yake inayosema kilo 142. Daftari linasema 68. Katibu anauliza ni nani aliyebadilisha. Daftari linajibu kwamba kila kitu kimeandikwa na katibu, kwa kuwa makarani wote watatu walikuwa wakiingia kwa jina na nywila ya katibu.

Kwa hiyo mtu mwenye stakabadhi halali anageuka kuwa mlalamikaji, na katibu mwaminifu anageuka kuwa mtuhumiwa. Madhara ya pili ni makubwa kuliko shilingi 148,000, maana mwanachama anayeshuku mizani na daftari hupeleka korosho zake kwa walanguzi msimu unaofuata.

3. KANUNI YA KALAMU

Kabla ya kuuliza programu irekebishwe vipi, yafaa kukumbuka kanuni ambayo kila katibu aliyesomea utunzaji wa vitabu huifahamu. Katika daftari la karatasi kosa halifutwi kwa kifutio wala kwa wembe. Hukatwa kwa mstari mmoja, tarakimu ya zamani ibaki ikisomeka. Tarakimu sahihi huandikwa kando yake. Na aliyesahihisha hutia sahihi na tarehe.

Kanuni hiyo ndogo hujibu maswali matatu: Nani ameandika? Lini? Kabla ya hapo paliandikwa nini? Mkaguzi, awe wa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (COASCO), lililoundwa kwa Sheria Namba 15 ya mwaka 1982, au mwingine yeyote, akikuta maswali hayo yamejibiwa anaweza kufuata nyayo za kosa mpaka chanzo chake. Yasipojibiwa, hubaki kukisia.

Daftari la pamoja linalostahili kuaminiwa ni lile linalotimiza kanuni ya kalamu. Marekebisho yote yanayotakiwa na watumiaji yapimwe kwa swali moja: je, kukosekana kwa jambo hili kunaweza kumpotezea mwanachama kilo zake, fedha zake au siri zake? Jibu likiwa ndiyo, rekebisho hilo ni la kulinda, nalo litangulie. Jibu likiwa hapana, ni la kurahisisha, nalo lifuate.

4. MAREKEBISHO YA KULINDA

(a) Alama ya kila mkono. Programu nyingi za namna hii huhifadhi historia ya matoleo ya daftari. Tatizo ni kwamba historia hiyo aghalabu husomeka vizuri zaidi kwenye kompyuta kuliko kwenye simu, na karani wa kijijini ana simu tu. Kinachotakiwa ni karani, katibu au mjumbe wa bodi aweze kugusa kisanduku chochote cha jedwali kwa simu na kuona papo hapo jina la aliyeandika, siku na saa, na tarakimu iliyotangulia.

(b) Kufunga siku. Kwa sasa baadhi ya programu huruhusu sehemu ya jedwali kufungwa ili isiandikwe na kila mtu, lakini kazi hiyo hufanywa kwa mkono, sehemu kwa sehemu, na mtu akisahau imesahaulika. Kinachotakiwa ni siku ya kupokea mazao ifungwe kwa idhini ya watu wawili, kwa mfano karani na katibu. Ikishafungwa, hakuna tarakimu itakayobadilishwa ndani ya mstari wake. Sahihisho liingie kama mstari mpya wenye sababu, uliounganishwa na namba ya stakabadhi ileile. Kwa njia hii ule upangaji wa safu moja usingeweza kugusa siku iliyokwisha kufungwa.

Kufunga kuna gharama yake, na kikundi kisiifiche. Katika kilele cha msimu foleni ni ndefu, na sahihisho linalohitaji watu wawili huchelewesha kazi. Baadhi ya makarani watasema kwamba kufuli linawafunga wao badala ya kuwafunga wezi. Jibu ni kuacha daftari wazi mchana wa kazi, makosa ya vidole yasahihishwe upesi, na kulifunga jioni baada ya kulinganishwa na vishina vya stakabadhi. Kufuli ni la usiku, kama lilivyo la ghala.

(c) Kuandika pasipo mtandao. Mtandao wa simu haushiki kila mahali kwa nguvu sawa, na mizani haiwezi kungoja. Ziko programu zinazoruhusu kuandika bila intaneti iwapo faili limeandaliwa mapema kwa ajili hiyo. Taabu hutokea mtandao unaporudi. Karani wawili wakiwa wameandika tarakimu mbili tofauti katika kisanduku kimoja, mara nyingi iliyofika mwisho ndiyo inayobaki, na ile ya kwanza hufichika bila kelele. Watumiaji wanataka mambo mawili: kwanza, alama iliyo wazi inayosema "imefika" au "haijafika", pili, tarakimu zinapogongana, zote mbili zionyeshwe mpaka binadamu mwenye mamlaka aamue. Hili si ombi lisilowezekana. Mwaka 2019 kundi la watafiti lilichapisha maelezo marefu ya jinsi ya kutengeneza programu ambazo daftari lake hukaa kwanza katika kifaa cha mtumiaji na kuunganishwa na nakala za wenzake baadaye, na mafundi duniani wamekuwa wakiifuata njia hiyo.

(d) Daftari liwe mali ya chama. Daftari la pamoja likifunguliwa kwa anwani binafsi ya katibu, mwenye daftari ni mtu huyo. Akihama, akifariki au akiondolewa, chama hubaki mlangoni kikibisha hodi kwenye nyumba yake chenyewe. Kinachotakiwa ni ruhusa zitolewe kwa cheo: katibu, karani wa mizani, mhasibu, mjumbe wa kamati ya usimamizi. Anayeacha cheo aache na ufunguo, na anayekipokea aupokee kwa hati ya makabidhiano, kama apokeavyo mhuri na kasha la fedha.

(e) Macho yenye mipaka. Daftari la wanachama lina namba za simu na akaunti za benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitunze na kuzitumia kwa kusudi zilizokusanyiwa. Karani wa mizani anahitaji namba ya mwanachama na kilo. Hahitaji akaunti yake ya benki. Kwa hiyo programu iweze kumwonyesha kila mtumishi safu zinazohusu kazi yake tu.

(f) Kiswahili. Kwa mtazamo wa kwanza lugha huonekana kuwa jambo la kurahisisha. Lakini mfano wa kilo 415 unafundisha vingine. Onyo lilikuwepo, lililokosekana ni mtu wa kulielewa. Onyo lisiloeleweka ni sawa na onyo lisilotolewa. Kwa hiyo lugha imo miongoni mwa marekebisho ya kulinda, hasa katika maneno ya kufuta, kupanga, kuhifadhi na kuruhusu.

Tanzania ina historia ya kujivunia katika jambo hili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kuandikia na za majedwali zenye maneno ya Kiswahili. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu programu ya asili, OpenOffice, ilikuwa ya msimbo huria: ye yote mwenye ujuzi aliruhusiwa kuifungua, kuibadili na kuigawa. Hawakulazimika kusubiri kampuni ya mbali iamue kama Waswahili wanastahili kutafsiriwa. Chama kinapochagua programu, basi, kiulize pia: ikiwa watengenezaji hawatasikia, je, wapo mafundi wa hapa nchini wanaoruhusiwa kuirekebisha?

5. MAREKEBISHO YA KURAHISISHA

Yako matakwa mengine ambayo ni halali lakini hayana uzito ule. Wapo wanaotaka jedwali lichapike vizuri juu ya karatasi ya kawaida bila safu ya mwisho kukatika. Wapo wanaotaka programu isile bando la intaneti kwa picha na mapambo. Wapo wanaotaka maandishi makubwa kwa ajili ya wazee, au karani aweze kutamka kilo badala ya kuziandika. Wapo wanaotaka mazungumzo kando ya mstari, ili katibu amwulize karani swali palepale penye mashaka, pasipo kupiga simu.

Yote haya yaandikwe. Lakini kikundi kijihadhari na tabia ya kuomba mambo kumi kwa pamoja. Fundi akipewa maombi kumi yenye uzito sawa huanza na lililo jepesi, na lililo jepesi aghalabu ni rangi ya kitufe. Chama kinachojua linalotangulia hupata kitu. Chama kinachotaka yote huahidiwa yote.

6. JINSI YA KUANDIKA OMBI

Lalamiko na ombi ni vitu viwili. "Programu hii ni mbovu, irekebishwe" ni lalamiko. Humwambia fundi kwamba mtu amekasirika, lakini halimwambii afanye nini kesho asubuhi. Ombi lililo kamili lina sehemu nne: kazi iliyokuwa ikifanywa, tukio lililotokea, madhara yake, na kinachotakiwa.

Mfano wa ombi kamili:

"Kazi: Kuandika kilo za korosho zilizopokelewa katika vituo vitatu. Tukio: Karani alipanga safu ya kilo peke yake, namba za wanachama hazikusogea. Madhara: Wanachama wawili walibadilishana kilo, na jumla haikuonyesha kosa. Kinachotakiwa: Programu ikatae kupanga safu moja iliyomo katika jedwali la wanachama, au ionyeshe onyo kwa Kiswahili linalotaja mistari itakayotengana, na ihifadhi hali ya awali ili katibu airudishe kwa simu."

Ombi hili halikutaja programu iandikwe kwa namna gani ndani yake. Hiyo ni kazi ya fundi. Limetaja kwa usahihi kile ambacho fundi hawezi kukijua akiwa mbali, yaani kilichotokea kwenye mizani.

Baada ya kuandikwa, maombi yasomwe mbele ya bodi na wanachama wayapange kwa kura. Kisha yapelekwe chama kikuu, ambacho huyakusanya ya vyama vyote na kuyapeleka kwa wahusika kwa sauti moja. Ushirikiano miongoni mwa vyama vya ushirika ni mojawapo ya misingi saba iliyothibitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995. Barua ya chama kimoja chenye karani watatu ni rahisi kuwekwa kando. Barua yenye sahihi za vyama vya wilaya mbili, kila kimoja kikieleza tukio lilelile, husomwa.

7. WAKATI MAREKEBISHO YANASUBIRIWA

Msimu hausubiri mafundi. Mambo yafuatayo yanaweza kufanywa na chama chochote tangu leo, kwa programu yoyote kinachoitumia.

Kwanza, kila mtumishi awe na jina lake la kuingilia na nywila yake. Kuazimana nywila ni kuazimana sahihi.

Pili, kila mstari uwe na namba ya stakabadhi, iliyoandikwa kando ya namba ya mwanachama. Kishina cha stakabadhi hubaki shahidi wa kwanza. Daftari la kompyuta ni shahidi wa pili.

Tatu, anayetaka kupanga au kuchambua takwimu afanye hivyo katika nakala, kamwe si katika daftari lenyewe.

Nne, ukaguzi wa jioni usiishie kwenye jumla. Mtu ambaye hakuandika siku hiyo achague vishina 10 bila kupendelea, kisha alinganishe kila kimoja na mstari wake. Jumla hufichua kilo zilizopotea. Vishina hufichua pia kilo zilizohamia kwa jirani. Siku kosa moja likionekana, vishina vyote vya siku hiyo vikaguliwe.

Tano, daftari la siku lichapishwe, litiwe sahihi mbili na kuwekwa katika jalada. Nakala ya kubandika ubaoni iwe na namba za wanachama, namba za stakabadhi na kilo tu, bila simu wala akaunti. Mwanachama apitapo asome mstari wake. Jicho la mwenye mali ni mkaguzi asiyedai posho.

Sita, kila mwisho wa mwezi nakala kamili ihifadhiwe katika chombo kilicho mikononi mwa chama na kufungiwa kasha moja na hati nyingine. Daftari lililoko kwa mwingine tu, hata akiwa mwema, ni la kuazima.

8. MAFUNZO KATIKA KIKUNDI

Somo hili lisisomwe na katibu peke yake. Mkoa wa Pwani una desturi ya kuwafundisha wakulima kwa vitendo: kituo kilichofunguliwa Kibaha mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki kilikuwa na shule ya sekondari, huduma za afya na mafunzo ya wakulima mahali pamoja, na mwaka 1970 kikakabidhiwa kwa Tanzania kikawa Shirika la Elimu Kibaha. Fikra iliyokiongoza, kwamba mkulima, mwanafunzi na mganga waishi jirani, yafaa kwa daftari pia. Katika kikundi awepo karani anayeijua simu, mzee anayeijua mizani, na mwanachama mmoja aliyewahi kudai haki yake. Kila mmoja huona kosa ambalo mwenzake halioni.

MASWALI NA ZOEZI

1. Katika mfano wa kilo 415, kwa nini jumla haikufichua kosa? Ni ukaguzi gani ungelifichua jioni ileile?

2. Chama chenu kinatumia nywila ngapi, na watu wangapi huandika katika daftari? Idadi hizo mbili zinalingana?

3. Ikiwa katibu angehama leo, daftari lingefunguliwa na nani kesho?

4. Wajumbe wawili wanabishana. Mmoja anasema fedha za mafunzo zitumike kupata programu iliyo nyepesi zaidi. Mwingine anataka kwanza ipatikane inayofunga siku. Tumieni swali la sehemu ya 3 kuamua, na elezeni jinsi mtakavyomjibu yule ambaye hoja yake haikutangulia.

5. Zoezi: Kila kikundi kichague tukio moja lililotokea kweli katika chama chake, bila kutaja jina la mkosaji. Kiandike ombi lenye sehemu nne, kilisome mbele ya bodi, na kukabidhi nakala moja kwa chama kikuu na kuhifadhi nyingine katika jalada. Nakala hiyo ya jaladani iandikwe tarehe, ili katika Mkutano Mkuu unaofuata wanachama waulize limefikia wapi.